Serikali ilipotuletea "mabugo" ya mashamba Namuwongo, na jirani yangu akakataa kupokea

Wakuu, nawasalimu kutoka Kampala. Mimi kwa kawaida hapa jukwaani ni msomaji tu, nacheka na comments zenu halafu nalala. Leo nimeamua kuandika.

Anayetafuta chai, yaani hadithi ya kutunga, hii haina. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na mengine niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye kiti pale pale. Majina ya watu nimebadilisha, isipokuwa moja. Hilo nimeombwa niliache lilivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkenya, Mluhya, naishi Namuwongo. Nina kibanda cha chakula katika soko la Owino, sehemu ya chini kule. Napika ugali, samaki na mboga. Wateja wangu ni wabeba mizigo, wauza mitumba, na Wakongo wengi sana. Watu huniita Mama Brayo.

Mluhya bila mboga ni mgonjwa, hilo mnalijua. Na mboga zangu zote zilikuwa zinatoka kwa mama mmoja Mkongo anayeitwa Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa analima bondeni, chini ya Namuwongo, kule kunakoelekea kwenye kinamasi. Msicheke mkisikia shamba ndani ya Kampala. Huku ukishuka tu kidogo kutoka kwenye reli unakuta watu wamelima mayuni, yaani magimbi, miwa, kabichi. Yeye alikuwa na lengalenga, ndiyo mchicha wa Wakongo, matembele, na sombe, yaani kisamvu. Mimi nilimletea mbegu za mrenda kutoka nyumbani, akaniambia hizo ni nyasi, lakini akanipandia.

Mume wake, Baba Furaha, alikuwa askari wa geti kwenye duka moja huko Kamwokya. Mtu mpole, haongei sana. Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la mke wake kabisa, yeye ndiye aliyelikodi, yeye ndiye aliyelilima. Shikeni hilo, mtalihitaji mbele.

Binti yao ndiye Furaha, msichana mkubwa, fundi cherehani.

Sasa mafuriko.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mama Furaha akashuka shambani kuokoa mboga kabla hazijaoza, kwa sababu alijua mimi nazingoja. Hilo nimeshaliwaza sana na sitaki mtu aniambie si kosa langu. Najua si kosa langu. Bado nalala nalo.

Ukingo wa mtaro mkubwa wa maji ya mvua, unaopita juu ya bonde, ukakatika. Maji yakashuka yote mara moja.

Waliokuwa juu walisema walimwona amebeba fungu la mboga kichwani, halafu hawakumwona. Hivyo tu. Ndoo yake ilipatikana. Yeye hakupatikana, si siku hiyo, si baadaye.

Tulitafuta, wakuu. Wavulana wa Namuwongo waliingia kwenye yale maji machafu na kamba viunoni. Baba Furaha alikwenda polisi, akaenda mochwari, akarudi mochwari, mpaka yule mhudumu akawa anatikisa kichwa tu akimwona mlangoni.

Halafu Baba Furaha akaacha kwenda mochwari. Akaanza kutembea kando ya mtaro kila siku, akiangalia. Kazi ya geti akaipoteza. Ukimuuliza habari ya mama, anakwambia, "Alienda ku shamba."

Na kwa sababu hakuna aliyefariki, hakukuwa na kilio. Wakongo wana kilio chao, watu wanakaa pamoja, wanaimba, wanalala nje, mnapika. Baba Furaha hakuruhusu hata mtu mmoja atandike mkeka. Mchungaji wao alikuja kuomba, akaambiwa aombe mama arudi salama. Akaomba hivyo. Angefanya nini?

Furaha mimi nilikuwa namwangalia tu. Msichana hajalia. Alikuwa anashona, anapika, anamwekea baba yake chakula, na sahani ya tatu anaifunika.

Sasa tuingie kwenye mambo ya serikali.

Mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamepiga wilaya nyingi za mashambani, huko mbali watu walipoteza mashamba makubwa. Serikali ikatangaza kwamba wakulima watapewa msaada wa maafa, kila aliyekuwa analima, hata kama ardhi si yake. Halafu tukasikia na sisi wa bondeni tumo.

Sikuamini hata kidogo. Nimekaa nchi mbili na serikali mbili, nazijua zote. Nikasema hizi ni za kwenye redio.

Lakini mwenyekiti wetu wa mtaa akazunguka kweli, akaandika mashamba. Huyu ni mzee wa Kiganda, mcheshi, kila mtu humwita Chairman. Aliandika kila shamba na aliyekuwa analilima. Shamba la Mama Furaha akaliandika kwa jina la Mama Furaha. Sahihi kabisa. Angeandika jina la nani?

Halafu akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanzia, na lilianza na neno moja.

Pale walikuwepo Waganda, Wakongo, na sisi Wakenya wachache, kwa hiyo Chairman aliongea Kiganda kwanza halafu akajitahidi kwa Kiswahili. Kiswahili cha Waganda mnakijua, R na L kwao zinabadilishana viti. Alikuwa anatafuta neno la huo msaada wa maafa na halipati. Akakuna kichwa. Akacheka. Akasema:

"Serikari imeona shamba zenu zimekufa. Mutu akifiwa, si tunamuletea mabugo? Basi, hii ni mabugo ya shamba!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka.

Wasiojua, niwaeleze. Mabugo ni ile rambirambi ambayo Waganda hutoa msibani. Zamani ilikuwa nguo ya gome la mti, ya kumfunga maiti. Siku hizi ni pesa, lakini jina limebaki. Mtu hakupi mabugo kwa kuumwa, wala kwa kuibiwa. Anakupa mabugo kwa sababu umefiwa. Na wewe ukinyoosha mkono ukapokea, umesema mbele ya watu: ndiyo, nimefiwa.

Baba Furaha amekaa Kampala miaka mingi. Ametoa mabugo kwa majirani mara nyingi, anajua maana yake kuliko hata mimi.

Alisimama katikati ya kile kicheko, akatoka. Chairman akadhani anaenda kujisaidia, akaendelea kueleza.

Na maelezo yenyewe yakazidi kuharibu. Atakayelipwa ni aliyeandikwa, aje mwenyewe na kitambulisho, aweke kidole kwenye mashine. Kama aliyeandikwa alifariki, mtu wake aje na barua ya Chairman inayosema hivyo, aweke kidole chake badala yake.

Chairman akasema hizo barua ataandika siku hiyo hiyo, bila kusumbua mtu. Kwa roho safi kabisa.

Jioni yake nilipitia kwao. Wanakaa chumba kimoja karibu na reli. Baba Furaha alikuwa amekaa mlangoni, Furaha yuko ndani kwenye cherehani.

Nilikwenda na akili yangu ya biashara, nawaambia ukweli. Nilijua mwenye ile ardhi ameshaanza kuuliza nani atalima msimu huu. Shamba lisipolimwa linapewa mwingine, na walikuwepo Wakongo wapya wanaolitamani. Nikasema ngoja nimweleze huyu mtu taratibu, barua ni karatasi tu, achukue msaada, apande, maisha yaende.

Nilieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanionyesha kidole chake gumba.

"Dada," akasema, "wanataka nitie hiki. Nikishatia, bibi yangu amekufa. Miye sitamuua na kidole yangu."

Nikamwambia hakuna anayemuua, ni maji.

"Kuna mutu alimuona akifa?"

Akaushusha ule mkono.

"Miye nilimuacha akienda ku shamba. Hakuna mutu aliniletea habari ingine. Sasa Chairman ataniletea mabugo?"

Nilikasirika, wakuu. Sitaficha. Nilikasirika kwa sababu niliona anamfungia binti yake ndani ya ule ukimya. Nikatoka bila kuaga vizuri.

Furaha akanifuata mpaka kwenye reli. Wao wananiita tantine, yaani shangazi.

Akaniambia, "Tantine, miye sitaki makuta yao." Makuta kwao ni pesa.

Nikauliza, sasa unataka nini?

"Nataka kulia mama. Papa ananikataza. Anasema nikilia, namuita kifo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nabishana juu ya kitu kisicho chenyewe. Mimi nimewaza shamba, baba anawaza mke wake asiandikwe, na huyu mtoto anataka ruhusa ya kulia tu.

Majirani nao, kama kawaida ya binadamu, wakaanza maneno. Wengine wakasema anajifanya, anangoja aongezewe. Mmoja akasema kibandani kwangu, mbele yangu, akila ugali wangu, kwamba Mkongo huyu ana wazimu, nani anakataa pesa ya serikali? Nilimwondolea sahani. Akalalamika kwamba ameshalipa. Nikamrudishia pesa yake na kumwonyesha njia.

Nilikwenda kwa Chairman. Nilimweleza lile neno lilivyofika kwa Baba Furaha. Mzee akavua kofia, akaishika mikononi.

"Nyabo, mimi nilikuwa nachekesha watu," akasema, akiniita mama kwa Kiganda. "Wako na huzuni, nikataka wacheke."

Najua, nikamwambia.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Baba Furaha kuomba radhi. Nilikuwepo, kwa sababu alitaka mtu wa kumsaidia Kiswahili. Alipewa kiti. Akasema pole, akasema lile halikuwa neno zuri, hizi ni pesa za mbegu tu. Baba Furaha akamsikiliza, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka njiani.

Lakini barua hakuiomba. Barua haikuandikwa. Chairman aliniambia tukiwa tunarudi kwamba hawezi kuandika kifo cha mtu ambaye mume wake anasema yuko hai, hata wakimfukuza uenyekiti. Tangu siku hiyo mzee yule nampikia bure.

Siku ya malipo ikafika.

Uwanja ule ule wa kanisa. Hema, viti vya plastiki, meza moja. Ofisi ya serikali ya msaada ilikuwa imemtuma dada mmoja mdogo, nadhifu, na tablet yake na ile mashine ya kidole. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa anafanya kazi yake, anasalimia kila mtu, anawaonyesha wazee taratibu pa kuweka kidole. Ila hakuwa wa mtaa wetu. Hakujua lolote kutuhusu, ameletewa majina tu. Na Chairman, kwa ile aibu yake, hakuwa amemweleza.

Nilikuja kwa sababu Wakongo wangu waliniomba nikae karibu nao, nitafsiri.

Watu wanaitwa, wanakwenda, wanaweka kidole, simu zinalia message, wanarudi wanacheka. Ilikuwa siku nzuri kwa watu wengi, nisiseme uongo. Kuna mama alipiga magoti akashukuru mpaka tukamnyanyua.

Ndipo nikamwona Baba Furaha. Amesimama nyuma kabisa, nje ya hema, juani. Furaha yuko kando yake. Baba amevaa shati lake la kanisani.

Sikujua amekuja kufanya nini. Mpaka leo sijamuuliza. Nadhani alisikia kwamba jina la mke wake litaitwa, akataka tu kuwepo likiitwa.

Chairman ndiye alikuwa anaita majina. Akafika pale. Nilimwona amesita. Angeweza kuruka, lakini dada wa ofisi alikuwa anafuatisha kwenye tablet.

Akaita, kwa ule ulimi wake, "Liziki."

Watu wakageuka kuangalia nyuma. Wote tunamjua Riziki ni nani, ingawa tulikuwa tunamwita Mama Furaha.

Akaita tena, sauti ya chini.

Baba Furaha akaingia hemani, akatembea polepole mpaka mezani. Watu wakamwachia njia.

Akasema, "Hayuko."

Dada wa ofisi akainua uso, akatabasamu. Akaniambia mimi kwa Kiingereza, nimtafsirie. Alisema: mwambie hakuna shida, sisi tuko hapa mpaka jioni, je, atakuja baadaye? Tumngoje?

Wakuu, nimefanya tafsiri za kila aina. Nimetafsiri kesi polisi, nimetafsiri harusi, nimetafsiri kwa daktari mtu akiambiwa ana ugonjwa usiopona. Hiyo ilinishinda.

Nikamtazama Chairman. Chairman anatazama chini.

Lakini Baba Furaha alikuwa askari wa geti kwa miaka. Kiingereza cha "atakuja baadaye, tumngoje" ndicho Kiingereza chake. Hicho ndicho alikuwa anawaambia wateja kila siku pale getini.

Akasimama pale, mikono yake imening'inia tu. Yule dada anamngoja, bado anatabasamu, hajui. Hema lote linamngoja. Ni swali dogo sana. Na katika siku zote zile, kati yetu sote tuliojifanya tunamjali, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulimwambia mengi. Hatukumuuliza kama mke wake atakuja.

Akasema, "Hayuko tena."

Tena. Hilo neno alilisema taratibu, akamwambia yule dada peke yake, kwa upole, utadhani yeye ndiye anampa pole.

Furaha akapiga yowe.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na nimezika wazazi wangu wote wawili. Alianguka chini kwenye nyasi, na wanawake wa Kikongo wote wakainuka pamoja, wakamfunika, wakaanza kulia naye, kwa sauti, na kumwita mama yake kwa jina. Wale waliokuwa na simu zao mikononi wakaziweka. Baba yake akaenda akakaa chini kando yake, ardhini, na shati lake la kanisani. Akamwekea mkono kichwani. Hakumkataza.

Dada wa ofisi hakuhitaji tafsiri. Alizima tablet, akasimama, akabaki amesimama vile vile mpaka watu walipoanza kutulia. Hakuna aliyemwambia asimame.

Hapakulipwa mtu mwingine kwa muda mrefu.

Siku ile ile tukatandika mikeka. Kilio kikafanyika, nje pale karibu na reli. Mchungaji akaomba ombi jingine. Mimi nilifunga kibanda Owino na nikaja na sufuria zangu zote.

Chairman alikuja na bahasha. Alisimama mbele ya Baba Furaha na hakusema neno, nafikiri aliogopa kusema neno. Baba Furaha akapokea kwa mikono miwili. Nyuma yake wakaja wengine, wale wakulima wa bondeni waliolipwa mchana. Hayo ndiyo yalikuwa mabugo.

Hela za serikali nazo zilikuja baadaye. Barua iliandikwa, Furaha akaweka kidole. Shamba wanalilima, baba na binti. Ukingo wa mtaro haujajengwa vizuri mpaka leo, na hilo nitalisema kila nikipata nafasi, kwa sababu mvua nyingine itakuja.

Sasa nilichojifunza. Mimi si mwalimu, nawaambia tu nilivyoona.

Msaada wa serikali ni kitu kizuri, na wengi pale walihitaji, wasingepata wangelala njaa. Lakini aliyefikwa na maafa hafikwi na jambo moja. Unamletea pesa ya shamba, kumbe ndani ya lile shamba kuna mtu wake. Ukibeba hizo pesa, angalia unaziita nini. Na kabla hujamshauri mtu, muulize kwanza. Mimi nilimpa Baba Furaha ushauri mwingi na nikasahau kumuuliza swali moja ambalo mgeni alimuuliza kwa bahati tu.

Nawakaribisha mseme yenu. Wenye ndugu waliopotea kwenye maji, vita au barabarani na hawakupatikana, ninyi mlifanyaje? Kwetu Waluhya tunazika mgomba badala ya mtu, lakini sikuthubutu hata kulitaja pale. Wa makabila mengine mtueleze.

Ombi langu la mwisho. Nilimwambia Furaha kwamba nitaandika hapa, naye akamuuliza baba yake. Baba akakubali, akasema jina la mke wake nisilibadilishe.

Najua wengi wenu mtaandika RIP, ndiyo desturi yetu humu. Zamani kidogo ningewasihi msiandike. Sasa mnaweza. Andikeni na jina lake, Riziki, kwa sababu Jumapili nitampelekea Baba Furaha simu na nitamsomea moja moja.